Chupa moja ya vimeng'enya, wapika bia kumi na watano

Kilo moja ya alfa-amilasi ya majimaji, kimeng'enya (enzaimu) kinachokata wanga wa nafaka uwe sukari, inatosha kupikia bia karibu mara mia mbili. Hapo ndipo shida inapoanzia. Mpika bia wa nyumbani anayepika galoni tano, yaani lita 19, mara moja kwa mwezi angehitaji zaidi ya miaka kumi na sita kuimaliza chupa hiyo, na kimeng'enya kitakuwa kimechoka zamani sana kabla hajafika nusu. Vipakiti vidogo vya dukani navyo ni ghali ukipiga hesabu kwa gramu, na vingi havikuambii nguvu ya kilichomo. Dawa yake ni ile ile tunayoitumia kwenye mchele, mafuta na mbuzi wa Krismasi: kuchanga, kununua kwa jumla, kugawana. Ila mbuzi akigawanywa vibaya mtu atanung'unika tu. Kimeng'enya kikigawanywa vibaya, bia ya mtu inaharibika na yeye hajui kwa nini.

Mwongozo huu unatokana na kundi letu dogo la wapika bia hapa Minnesota, Marekani: Wakenya, Watanzania na wenyeji wachache wa hapa. Wawili kati yetu hawawezi kula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, kwa hiyo shayiri na ngano hazipo kwenye sufuria zao. Wanapikia mtama, uwele na mchele. Wengine tuliwafuata kwa sababu ladha ya mtama ilitukumbusha nyumbani, tukabaki.

Kwa nini mtama unahitaji msaada

Aliyewahi kuona togwa ikitengenezwa anakijua kimeng'enya hata kama jina lake halijui. Unapika uji mzito, unaupumzisha mpaka uwe wa uvuguvugu, unatia unga wa kimea cha ulezi, unakoroga. Baada ya muda mwiko uliokuwa ukisimama unazama, uji umekuwa mwepesi na mtamu bila hata chembe ya sukari. Kimea kimekata minyororo ya wanga. Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitenga kitu kinachofanya kazi hiyo kutoka kwenye kimea cha shayiri mwaka 1833 na kukiita diastasi. Bibi zetu walikuwa wakikitumia bila kukipa jina la Kigiriki.

Tazama bibi alichofanya: aliusubiri uji upoe ndipo akatia kimea. Angekitia ukiwa unachemka, kimeng'enya kingeungua na uji ungebaki uji. Kwenye bia ya mtama tatizo ndilo hilo hilo, ila kwa mapana zaidi. Wanga wa mtama haulainiki vizuri mpaka joto lifike nyuzi 68 hadi 78 za Selsiasi, ilhali vimeng'enya vya kimea chenyewe vinaanza kufa humo humo. Shayiri haina taabu hii kwa sababu wanga wake hulainika mapema, karibu nyuzi 60 hadi 65. Isitoshe, kimea cha mtama kina beta-amilasi kidogo, ile inayotoa sukari ambayo hamira huipenda. Nigeria ilipopiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri mwaka 1988, viwanda vyake vya bia viligeukia mtama na mahindi, na vikalazimika kununua vimeng'enya vya kiwandani ili kazi iende. Sisi tunafanya yale yale kwenye sufuria ya lita 30.

Amueni mnataka kipi

Msiagize "enzaimu za bia". Agizeni kitu kwa jina lake, maana kila kimoja kina kazi yake na joto lake.

Alfa-amilasi inayohimili joto hutoka kwa bakteria, aghalabu Bacillus licheniformis, na hufanya kazi hata kwenye nyuzi 85 na zaidi. Hiyo ndiyo farasi wa mtama na mchele: hukata wanga wakati unalainika, uji usigande ukakushinda kukoroga. Alfa-amilasi ya kuvu, ya Aspergillus oryzae, inataka joto la chini, nyuzi 50 hadi 60, na hutoa zaidi maltozi, yaani sukari ya kimea. Glukoamilasi hukata kila kitu mpaka ibaki glukozi, hupenda nyuzi 55 hadi 60 na uchachu wa pH 4 hadi 5, na huiacha bia kavu kabisa. Pektinasi ni ya matunda, na mwenzetu Mchaga anaitumia kwenye majaribio yake ya mbege ya ndizi za supamaketi. Matokeo yake sitayaeleza hapa, kwa heshima ya Kilimanjaro.

Kuna pia kimeng'enya cha kung'arisha bia, kinachokata protini zenye prolini, kimojawapo cha vijenzi vya protini. Kinauzwa kwa majina kama Brewers Clarex na Clarity Ferm. Kinapunguza gluteni kwenye bia ya shayiri, na kwa hilo watu wengi hujidanganya. Bia ya shayiri iliyotiwa kitu hiki si bia isiyo na gluteni, na mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni humdhuru utumbo, asinyweshwe kwa maneno ya rafiki yake kwamba "imesafishwa".

Kundi linaloanza linatosheka na viwili: alfa-amilasi ya joto na glukoamilasi. Mengine yaje baadaye.

Kabla ya kulipa, soma viambato. Vimeng'enya vingi vya unga vinavyotengenezwa kwa ajili ya mikate vimechanganywa na unga wa ngano ili viwe rahisi kupima. Mwoka mikate hajali. Kwa mwenzetu wa siliaki hiyo ni sumu ndani ya kitu alichonunua ili kuikimbia sumu. Tafuteni kilichochanganywa na maltodekstrini ya mahindi, au bora zaidi nunueni cha majimaji.

Idadi ya watu itokane na matumizi

Makundi mengi huhesabu hivi: bei ni kadhaa, tugawanye kwa watu watano. Kesho yake kila mtu ana gramu mia mbili zinazozeeka kwenye jokofu. Anzeni upande wa pili.

Karatasi ya maelezo ya kiwanda hutoa kipimo kwa kilo za kimeng'enya kwa tani ya nafaka. Isikutishe. Kilo 1 kwa tani ni sawa na gramu 1 kwa kilo ya nafaka. Mpiko wa lita 19 hutumia kama kilo 5 za nafaka, kwa hiyo ni gramu 5. Anayepika kila mwezi atatumia gramu 60 kwa mwaka. Mwaka mmoja ndio muda ninaoupendekeza kuweka akilini, hata kama lebo inaahidi zaidi, kwa sababu jokofu la nyumbani hufunguliwa na watoto mara arobaini kwa siku.

Sasa chukua kilo moja. Toa gramu 30 zitakazobaki kwenye kuta za chupa, kwenye faneli na kwenye sirinji. Toa gramu 50 za akiba na majaribio. Zinabaki 920. Gawanya kwa 60, unapata watu kumi na watano. Kama mko sita, msinunue kilo, au tafuteni kundi jingine mshirikiane. Kama kipimo cha kiwanda ni nusu kilo kwa tani, idadi hiyo inaongezeka maradufu, kwa hiyo hesabu ifanywe kwa karatasi ya bidhaa yenyewe, isifanywe kwa hii yangu.

Kuhusu mahali pa kununua: watengenezaji wakubwa, kama ile kampuni ya Denmark iliyoitwa Novozymes na tangu 2024 inaitwa Novonesis, huuza kwa viwanda kwenye madumu ya kilo 25 hivi. Dumu hilo kwa hesabu yetu ni mipiko elfu tano. Mtu asije na wazo hilo kikaoni. Kuna wasambazaji wanaopunguza kwenye chupa za kilo moja au chini, na wakati mwingine kiwanda kidogo cha bia cha mtaani kitakubali kuongeza chupa yenu kwenye oda yake mkiwafuata kwa adabu na kuwaletea bia yenu waionje. Chupa iwe imefungwa na kiwanda au na msambazaji huyo, yenye namba ya bechi na tarehe. Kilichomiminwa na mtu mwingine kwenye chupa ya soda msikinunue hata kikiwa nusu bei.

Fedha kwanza, oda baadaye

Hapa hatuhitaji kufundishana sana, kila mmoja wetu amewahi kuwa kwenye mchezo au chama. Mtu mmoja aagize, mwingine ashike fedha. Hakuna kuagiza mpaka mchango wa mwisho umeingia. Gharama zigawanywe zote: bei, usafirishaji, chupa tupu, lebo, hata sirinji. Anayejitoa baada ya oda kwenda hana marejesho, ila anaweza kuuza nafasi yake kwa mtu mwingine. Andikeni hilo kabla, maana kulisema baadaye ni ugomvi.

Msitie faida. Sheria ya shirikisho ya Marekani iliyotiwa saini na Rais Carter mwaka 1978 inaruhusu mtu mzima kupika galoni 100 za bia kwa mwaka bila kodi, na galoni 200 kwa kaya yenye watu wazima wawili au zaidi, kwa matumizi yake, si ya kuuza. Kugawana kiambato kwa gharama ni jambo la marafiki. Ukianza kukipakia upya na kukiuza kwa faida umeingia biashara ya chakula, yenye leseni na wakaguzi wake.

Mzigo ukifika: jaribio la uji

Usigawe chupa ambayo hujaijaribu. Imesafiri kwenye magari gani, imekaa kwenye ghala la joto kiasi gani, huwezi kujua kwa kuitazama. Rangi ya kahawia na mashapo kidogo chini si dalili ya ubovu. Harufu kali ya kuoza ndiyo dalili, lakini kimeng'enya kinaweza kufa bila kunuka hata kidogo.

Jaribio letu linahitaji unga mweupe wa mahindi, kipimajoto, mzani na saa. Chukua gramu 40 za unga na nusu lita ya maji, pika uji uchemke dakika kumi na tano, kisha gawanya kwenye vikombe viwili vya mililita 250. Kama maji yamepungua kwa mvuke, ongeza mpaka ijae. Viweke vikombe kwenye sufuria ya maji ya moto vishuke hadi nyuzi 75. Pembeni, changanya gramu 1 ya kimeng'enya na gramu 99 za maji. Tia mililita 2 za mchanganyiko huo kwenye kikombe cha kwanza, na mililita 2 za maji matupu kwenye cha pili. Koroga vyote sawasawa. Kiasi hicho ni gramu 0.02 kwenye gramu 20 za unga, yaani gramu 1 kwa kilo, kipimo kile kile cha siku ya kupika.

Baada ya dakika kumi na tano mimina kila kikombe kwenye faneli na uhesabu sekunde mpaka kiishe. Kikombe cha maji matupu kitasuasua kama uji wa mgonjwa, pengine kitaziba kabisa. Kile cha kwanza kinatakiwa kupita kama chai. Ziandike sekunde hizo kwenye daftari pamoja na tarehe. Hiyo ndiyo rekodi ya kuzaliwa ya chupa yenu, na ndiyo mtakayoilinganisha nayo baada ya miezi sita mtu atakapolalamika kwamba fungu lake ni bovu.

Kwa glukoamilasi wepesi hautoshi, maana kazi yake hasa ni kutoa sukari. Tumia uji uliokwisha kulainishwa na alfa-amilasi, ushushe hadi nyuzi 58, ongeza matone machache ya limau, tia kimeng'enya, subiri saa moja. Onja: tofauti ya utamu ni dhahiri. Ukitaka ushahidi usiotegemea ulimi, nunua duka la dawa vile vijiti vya kupima sukari kwenye mkojo. Vinapima glukozi, na glukozi ndiyo hasa glukoamilasi inayotoa.

Chupa ikishindwa jaribio, piga picha, mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, na usiigawe ukitumaini kwamba "watatia kidogo zaidi".

Siku ya kugawa

Gawa kwa mzani, usigawe kwa macho wala kwa mililita. Vimeng'enya vya majimaji ni vizito kuliko maji, vingi vina takriban gramu 1.2 kwa mililita, kwa hiyo anayepewa mililita 60 akidhani ni gramu 60 amepata 72, na wa mwisho kwenye foleni atakuta chupa tupu. Mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja unafaa kwa kugawa. Kwa kupima gramu 5 siku ya kupika, tafuta ule wa vito unaosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Chupa ziwe mpya, za plastiki ngumu, za mililita 60, zenye mfuniko unaokaza. Zinawatosha wote, maana gramu 60 ni mililita 50 tu. Zisafishe kwa alkoholi ya asilimia 70 kisha ziachwe wazi zikauke kabisa. Usizisuuze kwa jiki wala kwa ayodini na kumimina humo humo: mabaki yake yanaua kimeng'enya kama yanavyoua vijidudu. Kabla ya kumimina, geuza chupa mama taratibu mara kadhaa ili mashapo yachanganyike. Usiitikise mpaka itoe povu. Meza ifutwe, na kama kuna wenzenu wa gluteni, kazi isifanyike jikoni ambako juzi mlisaga kimea cha shayiri. Vumbi lake hukaa mpaka kwenye mkono wa mzani.

Msiongeze maji. Kila mara hutokea mtu mwenye wazo zuri: tuchanganye na maji ili iwe rahisi kupima, mililita kumi kwa mpiko. Kiwanda kimeweka gliserini, sukari au chumvi kwa makusudi, ndivyo vinavyokilinda kimeng'enya na kuzuia vijidudu. Ukivizimua, umetengeneza supu ya kuoteshea bakteria. Kuzimua ni kwa siku ya kupika, kwa kiasi cha siku hiyo tu.

Na vaeni glavu. Kwa vimeng'enya vya unga, vaeni pia barakoa nzuri, zimeni feni, fungeni madirisha yenye upepo. Hili si woga wa bure. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni ya unga Uingereza walianza kupata pumu, na chanzo kikaonekana kuwa vumbi la vimeng'enya lililowekwa kwenye sabuni. Mwili ukishajifunza kukikataa kimeng'enya haurudi nyuma, kila safari nyingine kiasi kidogo zaidi kinatosha kukuumiza. Unga ukimwagika, ufutwe kwa kitambaa chenye maji, usifagiliwe. Majimaji yasipulizwe kwa chupa ya kunyunyizia. Mwenye pumu katika kundi apewe kazi ya kuandika lebo chumba kingine.

Lebo

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipolipa ada ya shule.

Mwaka wetu wa kwanza tuligawa vimeng'enya vitatu kwa siku moja, kwenye chupa zinazofanana, na tukaandika kwa kalamu ya wino juu ya gundi ya karatasi. Miezi miwili kwenye jokofu, unyevu ukaosha maandishi. Nilitaka kutia kile cha kung'arisha siku ya tatu ya kuchachuka. Nikachukua chupa iliyoonekana kuwa ndiyo, nikatia. Ilikuwa glukoamilasi. Siku ya kumi na moja haidromita, kifaa kinachopima uzito wa bia ukilinganishwa na maji, ilisoma 1.010, bia imetulia, nikaijaza kwenye chupa na sukari yake kama kawaida. Lakini glukoamilasi ilikuwa bado inakata polepole ile sukari ndefu ambayo hamira haiwezi kula, ikiilisha hamira ndani ya chupa zilizofungwa. Kila pointi mbili (yaani 0.002 kwenye haidromita) zinazoshuka ndani ya chupa huongeza gesi karibu sawa na ujazo wa bia yenyewe, na bia yenye glukoamilasi inaweza kwenda mpaka 1.000 au chini yake. Usiku mmoja wa wiki ya tatu stooni ililipuka chupa moja, kisha jirani yake, kisha mke wangu akaamka. Nilizitoa zilizobaki nikiwa nimevaa koti la baridi na miwani ya kukatia majani.

Kwa hiyo, lebo ya plastiki, kalamu isiyofutika, na utepe mpana unaoruhusu maandishi kuonekana juu yake. Iandikwe jina kamili la kimeng'enya, siyo kifupi, namba ya bechi, tarehe ya kiwanda na tarehe ya kugawa, uzito, gramu kwa kilo ya nafaka, joto lake. Rangi ya mfuniko iwe tofauti kwa kila aina: kwetu glukoamilasi ina mfuniko mwekundu na hakuna kitu kingine chenye mfuniko mwekundu kwenye majokofu yetu. Chini kabisa iandikwe "si ya kunywa", hasa kama nyumbani kuna watoto au shemeji wa kudadisi. Picha ya karatasi ya maelezo ya kiwanda itumwe kwa kila mmoja siku hiyo hiyo.

Kusafirisha

Njia bora ni watu waje na mifuko yao ya baridi, wachukue, mle nyama choma mwachane. Kwa wa mbali, fungeni mfuniko kwa utepe, tieni chupa kwenye mifuko miwili inayofungika, na karatasi ya kunyonya katikati. Tumeni Jumatatu ili kifurushi kisilale ghalani wikendi nzima. Siku mbili tatu za joto la kawaida hazikiui kimeng'enya cha majimaji. Kinachokiua ni gari la posta lililofungwa juani Texas mwezi wa Agosti. Huku kwetu hatari ni kinyume chake: mwezi wa Januari kisanduku cha barua kinaweza kuwa na baridi kuliko friza, na majimaji haya hayatakiwi kuganda. Mwenzetu mmoja aliacha fungu lake kibarazani usiku mmoja wa Januari. Lilipoyeyuka lilikuwa na tabaka mbili, na jaribio la uji lilionyesha limepoteza sehemu kubwa ya nguvu. Mpokeaji aarifiwe siku ya kufika, na awepo.

Kuituma Afrika Mashariki nimeombwa mara nyingi. Jibu langu ni hapana. Kifurushi kinaweza kukaa forodhani wiki kadhaa kwenye joto, na chupa ya majimaji ya kahawia yenye lebo ya mkono itahitaji maelezo marefu. Aliyeko Nairobi au Dar anaweza kuotesha kimea cha ulezi kizuri kuliko sisi, na asipotumia kimeng'enya cha kiwandani anaweza kufuata njia ya bibi: apike uji wa mtama uchemke, aupooze hadi nyuzi 60 hivi, kisha ndipo atie kimea kibichi. Inafanya kazi.

Ukifika nyumbani

Nyuzi 0 hadi 10, maana yake jokofu, siyo friza. Isikae mlangoni ambako joto hupanda na kushuka, iwekwe nyuma, kwenye kopo lenye mfuniko. Usiingize sirinji iliyotumika ndani ya chupa. Mimina kidogo unachohitaji kwenye kikombe, pima kutoka humo, na kilichobaki kimwagwe, kisirudishwe. Hilo la kurudisha ndilo kosa ninalolikuta kila jikoni, na wanaolifanya ni watu wale wale wasiokubali kijiko kilicholambwa kirudi kwenye sufuria ya mchuzi.

Siku ya kupika, kwa kifupi

Kwa kilo 5 za kimea cha uwele au mtama kilichosagwa, maji lita 16 hivi yenye nyuzi 85. Tia nafaka ukikoroga, joto litashuka kuelekea 77 au 78. Pima gramu 5 za alfa-amilasi ya joto, zimua kwenye nusu kikombe cha maji baridi, mwaga ukiendelea kukoroga. Wengine hutia nusu ya kimeng'enya kwenye maji kabla ya nafaka, na kwa mtama nawaunga mkono, maana uji haupati nafasi ya kukaza. Shikilia joto hilo saa moja hadi moja na nusu. Kisha shusha hadi nyuzi 60 kwa koili ya kupozea au kwa maji baridi, tia glukoamilasi kwa kipimo cha karatasi yake, subiri saa nyingine.

Chukua tone la maji yake, liweke kwenye kisahani cheupe na tone la ayodini. Likiwa buluu au jeusi, wanga bado upo, ngoja. Likibaki rangi ya ayodini, chuja. Machicha wape kuku kama unao. Ukichemsha na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, saa nzima glukoamilasi inakufa na kazi yake inakoma hapo. Hivyo ndivyo unavyoamua ukavu wa bia yako: kwa muda kabla ya kuchemsha. Anayetia glukoamilasi kwenye pipa la kuchachushia ni lazima ajue kwamba itaendelea, na asijaze chupa mpaka haidromita isome namba ile ile kwa wiki nzima.

Fungu likizeeka

Miezi sita baada ya kugawa, kila mtu arudie jaribio la uji kwa fungu lake, atumie sekunde zake. Sisi hulifanya kwa simu Jumapili moja, kila mtu jikoni kwake, na kelele ni nyingi. Uji ukichelewa mara mbili ya siku ya kwanza, ongeza kipimo kwa nusu na ukipange mapema kukimaliza. Ukichelewa zaidi ya hapo, mwaga kwenye sinki na maji mengi. Aliyekuwa na fungu bovu peke yake aangaliwe jokofu lake kabla ya kulaumiwa mgawaji. Kama mafungu yote yamechoka sawa, fungueni ile akiba ya gramu 50 muijaribu. Nayo ikiwa imechoka, bechi imeisha muda wake. Mweka hazina aanze kupokea michango ya chupa mpya, na safari hii mtu wa kununua lebo asiwe mimi.